Kubuni Kitu Kitakachotumika: Tujifunze kwa Jiko la Mkaa

Vijana wengi wanaotaka kuwa wabunifu wa vitu huanzia kwenye kompyuta. Hujifunza programu ya kuchorea, wakachora umbo la kupendeza, wakalitia rangi na kivuli, na baada ya miezi kadhaa wanachora kwa ustadi vitu ambavyo hakuna mtu aliyekuwa anavihitaji. Kuchora ni kazi nzuri na itakufaa. Lakini ukianza na kuchora utakuwa umeruka sehemu ngumu zaidi, na sehemu hiyo ndiyo ninayotaka tuizungumze. Mwalimu wetu awe jiko la mkaa, lile la bati lenye kiuno chembamba, chungu cha udongo ndani na kijimlango cha hewa chini.

Limezoeleka mno hata tunasahau kwamba kuna watu walikaa wakalibuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 suala la kuni na mkaa lilikuwa limewashughulisha wengi nchini Kenya. Mwaka 1981 Nairobi iliandaa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu vyanzo vipya vya nishati. Wakati huo watu wa mjini walipikia jiko la bati tupu, ambalo huwaka vizuri lakini hutupa joto pembeni. Maxwell Kinyanjui na wenzake, pamoja na muungano wa mashirika uliojulikana kama KENGO, walishirikiana na mafundi bati, wafinyanzi na wapishi wa kawaida mpaka likapatikana jiko tunalolijua leo. Makadirio ya wataalamu ni kwamba jiko la bati tupu hufikisha kwenye sufuria asilimia 10 hadi 20 ya joto la mkaa, na hili lenye chungu hufikisha asilimia 25 hadi 40. Kwa familia inayonunua mkaa kwa kopo, tofauti hiyo ni pesa ya mboga.

Herbert Simon, msomi wa Marekani, aliandika mwaka 1969 katika kitabu chake The Sciences of the Artificial kwamba yeyote anayepanga hatua za kuitoa hali iliyopo na kuifikisha kwenye hali iliyo bora anafanya kazi ya ubunifu, iwe ni mhandisi, daktari au mfanyabiashara. Mimi naukubali msimamo huo, ila naongeza kitu: lazima useme hali hiyo ni bora kwa nani, na nani atakayeilipia. Ukishindwa kujibu hayo mawili, weka penseli chini kwanza.

Basi hatua ya kwanza ni kutazama. Usianze kwa kuuliza. Ukimuuliza mpishi jiko lake lina tatizo gani, atakujibu halina, kwa sababu amekwisha kuzoea kulizunguka tatizo. Keti pembeni na daftari, umtazame akipika chakula kizima, tangu kuwasha mpaka kuzima. Tazama mikono. Je, anashika wapi? Anakwepa wapi? Ameokota kitambaa lini, na kwa nini? Kila mtu anapolazimika kutumia kitu cha pili ili kile cha kwanza kifanye kazi, hapo pana jambo la kuandika. Kipande cha tofali kilichotegeshwa chini ya mguu wa jiko, waya uliofungwa kwenye mlango usianguke, gazeti la kupepea: hayo ni maelezo kamili ya kasoro, yameandikwa na mtumiaji mwenyewe bila maneno.

Chukua mfano wa kusonga ugali. Maji yakichemka, unga unamiminwa, na mwiko unaanza kuzunguka. Mwanzoni mkono ni mwepesi. Unga ukikaza, mpishi anainama, anakandamiza mwiko kwenye ukuta wa sufuria, anauvuta kwake, anaugeuza. Nguvu hiyo yote inakwenda pembeni, na jiko linataka kutembea. Utamwona akiweka mguu mmoja mbele, ameukanyaga ukingo wa chini wa jiko, au anaibana sufuria kwa kitambaa kwa mkono wa kushoto. Mhandisi aliyepima jiko kwa kuchemsha maji tu maabara hawezi kuliona jambo hili, maana maji hayasongwi. Jiko lenye tako jembamba litampindukia mpishi, mkaa wa moto miguuni, na mtoto yuko hatua mbili kutoka hapo. Hakuna kiwango cha kuokoa mkaa kinachoweza kuifidia ajali hiyo.

Ukishatazama wapishi wachache, utakuwa na kurasa zilizojaa. Sasa jilazimishe kuandika sentensi moja yenye mtumiaji, jambo analotaka kulifanya na masharti yasiyovunjika. Kwa jiko ingeweza kuwa hivi: mama wa mjini anayenunua mkaa kidogo kidogo anataka kupika chakula kilekile kwa mkaa pungufu, kwa sufuria alizonazo, bila jiko kuyumba, na kwa bei atakayoimudu mwezi huu. Ona maneno hayo "kwa sufuria alizonazo". Watu wengi wamebuni majiko yanayodai sufuria ya umbo fulani, na majiko hayo yameishia stoo. Sentensi ikiwa na neno kama "kisasa" au "ya kuvutia", ifute uandike upya, kwa kuwa maneno hayo hayapimiki, na kila mtu atayaelewa kwa namna yake.

Masharti yatagombana. Huo ndio moyo wa kazi yenyewe, na sijui kwa nini vitabu vingi vya mwanzo huupita haraka. Udongo mzito hutunza joto vizuri, lakini jiko zito halibebeki kutoka uani kwenda barazani mvua ikinyesha. Bati nene hudumu, lakini huongeza bei na huchosha mkasi wa fundi. Tundu kubwa la hewa huwasha haraka, na papo hapo humaliza mkaa haraka. Huwezi kushinda kila upande. Panga masharti yako kwa daraja: lipi likivunjika kitu hakifai kabisa, lipi linaweza kulegezwa kidogo, lipi ni la kutamani tu. Uandike upangaji huo kabla hujaanza kutengeneza, maana ukishapenda umbo fulani utaanza kuyapindisha masharti ili umbo lako lishinde, na hutagundua unafanya hivyo.

Kisha tafuta waliokutangulia. Wabunifu wa jiko hawakuanza patupu. Walitazama jiko la ndoo la Thailand, ambalo ni ndoo ya bati iliyowekwa chungu kinene cha udongo ndani. Wazo la udongo ndani ya bati lilikuwa sahihi: bati hupitisha joto likapotea, udongo huzuia, na makaa yakabaki na ukali wake. Ila ndoo ni pana juu na nyembamba chini, na ndiyo maana nimekaa sana kwenye ugali. Jiko lililokuja kukubalika Kenya lina vipande viwili vinavyokutana kiunoni, cha juu kikipanuka kuelekea juu na cha chini kikipanuka kuelekea sakafuni. Tako pana linakaa imara. Udongo umewekwa nusu ya juu tu, mahali ambapo moto upo, kwa hiyo uzito na gharama vimepungua, na nusu ya chini imebaki kuwa chumba cha hewa na jivu. Ukuta ulioinama unakibeba chungu. Hakina pa kuteremkia. Mstari mmoja wa umbo umejibu masharti matatu au manne kwa mpigo. Ukiona umbo lako linafanya hivyo, jua umekaribia.

Kuazima ni halali na ni busara, mradi uulize kitu unachokiazima kilijibu swali gani kule kilikotoka. Chukua jibu la swali linalofanana na lako, uache mengine.

Sasa tengeneza mfano, na uwe wa ovyo. Nasema hivyo kwa dhati. Mfano wa kwanza ufanywe kwa boksi la katoni, gundi, udongo wa mfinyanzi, au bati la debe kuukuu. Ukitumia vifaa vya bei utaogopa kuuharibu, na watu utakaowaonyesha wataogopa kuukosoa. Wakiona katoni, ulimi unafunguka. Fanya mitatu inayotofautiana kwa dhahiri, tako pana, tako la wastani, miguu mitatu, badala ya mmoja uliosafishwa. Mtu akionyeshwa kitu kimoja atakisifia ili asikuvunje moyo. Akionyeshwa vitatu analazimika kuchagua, na akichagua atasema sababu.

Mfano wa katoni hauwezi kuwashwa moto, kwa hiyo itafika siku ya kufanya mfano wa kazi. Hapo badilisha jambo moja tu kwa kila toleo. Ukibadilisha upana wa tundu la hewa na unene wa udongo kwa pamoja, matokeo yakiwa mazuri hutajua umshukuru nani. Jaribio la msingi ni rahisi na halihitaji maabara: pima mkaa kwa mizani, tumia sufuria ileile yenye kifuniko kilekile na maji lita 2, washa kwa namna ileile, andika dakika za kuchemka, kisha acha yatokote kwa muda uliopanga, zima, na upime mkaa uliobaki. Rudia mara tatu kwa kila jiko, kwa kuwa upepo na unyevu wa mkaa hucheza na matokeo. Halafu, na hili ni muhimu kuliko la maji, mpe mpishi apike maharage na ugali wa kweli. Maji yanakuambia habari za moto. Maharage yanakuambia kama mtu ataweza kuishi na kitu chako kuanzia mchana hadi jioni.

Siku ya kumpa mtu ajaribu, mbunifu anatakiwa anyamaze. Hii ni adabu ngumu kuliko zote. Mkono wako utataka kunyooka umwonyeshe kwamba mlango unafunguka upande huu. Uzuie. Akishindwa kufungua, andika alichojaribu kwanza, kwa sababu hapo ndipo mlango ulipopaswa kuwa. Donald Norman, aliyeandika mwaka 1988 kitabu kuhusu saikolojia ya vitu vya kila siku, alitumia mfano wa milango watu wanayoisukuma ilhali inavutwa, akasisitiza kwamba lawama ni ya mlango na si ya mtu. Vitu vizuri hujieleza: mkono wa kushikia unaonekana kuwa wa kushikia, sehemu ya moto inaonekana kuwa ya moto. Jiko letu lina vishikio vya pembeni vilivyotokeza mbali na bati, na vyuma vitatu vya kuegemeza sufuria vilivyo wazi mdomoni. Hahitajiki mtu wa kukuelekeza. Ikibidi uandike maelekezo juu ya kitu chako, jiulize kwanza kama kuna sehemu ya umbo inayoweza kuyasema maelekezo hayo.

Watu wataniuliza: na urembo je? Upo, na unastahili heshima. Louis Sullivan, msanifu majengo wa Chicago, alitetea mwaka 1896 wazo kwamba umbo la jengo litokane na kazi yake, na wengi baada yake wakalichukulia kama ruhusa ya kudharau mapambo. Mtu anapochagua jiko sokoni anapitisha macho kwanza: limenyooka? Maungio yamebanwa sawasawa? Rangi imepakwa kwa mkono uliotulia? Macho hayo hayakosei sana, kwani fundi anayejali ukingo kwa kawaida amejali na ndani. Kwa hiyo jali uwiano, jali usafi wa maungio, jali rangi. Fanya hivyo baada ya kitu kusimama kwa miguu yake, na usitumie rangi kuficha ufa.

Nitakaa zaidi kwenye karakana, maana hapo michoro mingi mizuri hufia. Kaa na fundi bati siku moja. Huanza na kigezo, kipande cha bati au karatasi ngumu chenye umbo la ukuta wa jiko ukiwa umefunuliwa, akakilaza juu ya bati la pipa kuukuu na kuchora kwa msumari. Anageuza kigezo, anachora tena, akitafuta namna ya kupata vipande vingi kwenye bati moja bila mabaki. Mkasi, nyundo, kukunja ukingo, kubana maungio. Hakuna kuchomelea, hakuna umeme. Kipenyo cha jiko kikizidi kidogo tu, anapata vipande vichache kwenye bati lilelile, na bei inapanda. Mchoraji aliyeko ofisini haoni kitu hicho. Ukibuni, nenda na mchoro kwa fundi kabla hujaupenda, umuulize aukate kwa vifaa alivyonavyo. Atakuonyesha mahali pa kupunguza.

Vivyo hivyo kwa mfinyanzi. Chungu cha jiko kinatobolewa matundu ya kupitisha hewa na jivu, kinachomwa tanurini, kisha kinashikizwa kwenye bati kwa mchanganyiko wa saruji na madini mepesi ya vemikulaiti, ambayo nayo huzuia joto. Udongo na bati hutanuka kwa kasi tofauti vinapopata moto, na nafasi ile iliyojazwa mchanganyiko ndiyo inayopokea mvutano huo. Chungu kikipasuka baada ya muda, fundi anaweza kuking'oa na kuweka kingine huku bati likiendelea na kazi. Mbunifu anayefikiria kitu kitakavyoharibika amemtendea mnunuzi wema mkubwa. Kwa kila kitu unachobuni orodhesha sehemu zitakazochakaa kwanza, uhakikishe zinatoka bila kuvunja zile zinazodumu, na kwamba kipuri kinapatikana umbali wa kutembea.

Muundo wa jiko hili uliachwa huru kunakiliwa. Mafundi wa jua kali waliuchukua, ushindani ukaingia, bei ikashuka, na likavuka mipaka hadi Tanzania, Uganda na Rwanda, kila mahali likirekebishwa kidogo. Naamini uamuzi huo ulikuwa wa haki. Una gharama yake: yalitokea majiko yenye chungu kisichoiva au mchanganyiko uliobaniwa saruji, yakapasuka mapema, na mnunuzi akalilaumu jiko lote. Ukijua kitu chako kitanakiliwa, bandika ubora mahali panapoonekana. Mfundishe mnunuzi kugonga chungu kwa kucha na kusikiliza. Kilichoiva hulia, chenye ufa hutoa sauti butu. Kipimo kama hicho kinalinda ubunifu wako vizuri kuliko nembo.

Kuna jambo ambalo jiko hili halikulitatua, na haki inataka lisemwe. Linapunguza mkaa, lakini mkaa wowote unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na jiko likiingizwa chumbani usiku wa baridi dirisha likafungwa, watu hufa. Chungu cha udongo hakibadilishi hilo. Kila kitu kilichobuniwa hujibu swali kililoulizwa, na yale yasiyoulizwa huendelea kuumiza watu. Victor Papanek, naye mbunifu, alikuwa mkali juu ya wajibu wa wabunifu kwa watu hao katika kitabu chake Design for the Real World cha mwaka 1971. Aliwashutumu wabunifu kwa kutumia vipaji vyao kwa vitu vya anasa na kwa kuweka sokoni vitu vya hatari. Kabla hujakabidhi kazi yako, kaa na watu ambao hawakuwa kwenye sentensi yako ya kwanza: mtoto anayetambaa, jirani wa upande upepo unakoelekea, anayezoa majivu, mchomaji mkaa kule porini. Waulize, na hapa kuuliza kunafaa, kitu hiki kitawafikiaje.

Ukitaka kuanza wiki hii, chagua kitu kidogo kilicho karibu nawe na ambacho mtu halisi hukitumia kila siku. Meza ya muuza chipsi: mafuta ya moto yako wapi, mteja anasimama wapi, chenji inatolewa kwa mkono upi? Fomu ya kujiandikisha zahanati: mzee anakwama kwenye mstari gani? Kibao cha duka: mtu aliye ng'ambo ya barabara anasoma neno lipi kwanza? Tazama kwa saa mbili, andika sentensi yako, panga masharti kwa daraja, fanya mifano mitatu ya katoni au ya karatasi, mpe mtumiaji, nyamaza. Tegemea kwamba mfano wa kwanza utakataliwa, na wa pili utasifiwa kwa adabu kisha ukawekwa kando; endelea. Kila toleo liandike namba na tarehe kwa kalamu isiyofutika, pamoja na jambo moja ulilolibadilisha, ulihifadhi hata kama ni baya. Fundi atakapokuuliza kwa nini tundu la hewa lina upana ule na si mwingine, utashusha kutoka kwenye rafu toleo la nne na la tano, umwekee mkononi, ajionee.